Dobi Aliyeanika Wimbo

Mume wangu ni dobi, na kama humjui basi nguo zako unafua mwenyewe. Mtaa mzima unamwita Dobi. Hata mama yake mzazi, alipokuwa hai, alifika mahali akalisahau jina alilompa akawa anamwita Dobi kama watu wengine. Ni mtu mrefu, mpole, mikono imeparara kwa sabuni, na ana ugonjwa mmoja tu usio na dawa: anapenda kwaya. Mimi sauti yangu niliumbiwa ya kuitia watoto wakiwa mtaa wa pili, kwa hiyo kwaya naisikilizia benchini. Na nikwambie ukweli, kwa miaka yote niliyokaa kwenye lile benchi la ukumbi wetu wa mtaa, sikuwahi kumsikia mume wangu akiimba. Kinywa nakiona kinafunguka. Mishipa ya shingo naiona imetoka. Sauti ndiyo siisikii.

Sababu ilikuwa Seremala. Huyu bwana alikuwa na besi ya kutikisa vikombe kabatini, na Dobi alisimama ubavuni kwake tangu wote wawili wana nywele. Dobi hakuwahi kufundishwa nota hata moja. Alichokuwa akifanya ni kutega sikio: Seremala akisema "ooo", yeye anaidaka "ooo" ile ile ikiwa bado ina moto, anajificha chini yake. Alikuwa anachelewa kidogo tu, kiasi cha mtu anayeitikia salamu. Wimbo ukiisha Seremala anafunga kinywa, Dobi naye anafunga, watu wanapiga makofi, tunarudi nyumbani.

Binti yetu, tunaye mmoja tu, alipokuwa mdogo alikuwa akimshika baba yake mkono njiani na kumhoji.

"Baba, leo uliimba saa ngapi?"

"Muda wote, mwanangu."

"Mbona mimi sikukusikia?"

"Nilikuwa ndani ya Seremala," anamjibu. Na mtoto anatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba watu kukaa ndani ya maseremala ni jambo la kila siku.

Basi, hayawi hayawi huwa. Seremala akahamia mji mwingine kwa mwanawe, akabeba randa zake na besi yake yote. Na yule mwalimu wa zamani, ambaye alikuwa akiimba yeye kwanza halafu watu wanamfuatisha, akastaafu. Akaja mwalimu mpya, binti mwembamba mwenye miwani na kinanda cha kubeba begani. Anawaamkia wazee mpaka magoti yanakunjika, halafu akishamaliza kuamkia anageuka simba. Siku ya kwanza tu akagawa karatasi.

"Shikamooni wazazi wangu," akasema. "Kuanzia leo hatufuatani kama bata. Kila mtu ataimba alichoandikiwa."

Dobi akaipokea karatasi yake, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Nikamwona kutoka benchini. Nimelala na mtu huyu kitanda kimoja maisha yangu yote ya utu uzima, nazijua sura zake. Ile ilikuwa sura ya mtu aliyepewa gauni la hariri akaambiwa alichemshe.

Hayo yangeweza kupita, maana kwaya ni kwaya tu, mtu akiikosa hafi. Shida ni kwamba binti yetu alikuwa anaolewa. Amempata fundi baiskeli, kijana mwenye adabu na kucha nyeusi, na mimi sina neno naye. Jioni moja binti akaja nyumbani akamkuta baba yake anakunywa chai, akakaa miguuni kwake kama zamani.

"Baba, nimeongea na Mwalimu. Anatutungia wimbo wa harusi, mpya kabisa. Nimemwomba besi ianze peke yake, na uianze wewe. Nikiwa naingia mlangoni nataka nikusikie wewe. Siyo kwaya. Wewe."

Dobi chai ikampalia. Nikampiga mgongoni, akakohoa, akasema, "Vizuri sana mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyefungwa kamba. Binti akambusu mkono akaenda zake kwa furaha. Mimi nikabaki namtazama bwana.

"Utaanza peke yako?"

"Ndivyo alivyosema."

"Bila Seremala?"

"Mke wangu, naomba uninyamazie kidogo."

Mwalimu naye hakukataa ombi la bibi harusi, ila akaweka sharti. Wenye besi wote wachukue karatasi wakajifunze kwao, wala hatawapigia kinanda. Jumamosi moja kabla ya harusi kila mmoja atasimama peke yake aimbe. Akishindwa Dobi, ataanza mwingine. Na huyo mwingine tulimjua: Kinyozi. Kinyozi wa pale kwenye kona anasema amesoma nota kwa binamu yake, na tangu hapo hamnyoi mtu bila kumweleza. Utaketi pale umefungwa shuka shingoni, wembe uko sikioni, huna pa kukimbilia.

Akamwambia Dobi mbele ya watu, "Mzee mwenzangu, usijitese. Nota siyo doa, haitoki kwa kusugua."

Watu wakacheka. Dobi akacheka pia, maana ndivyo alivyo, lakini alipofika nyumbani akakaa juu ya beseni lililofunikwa na hakuvua viatu.

"Watanipa kazi ya kupanga viti," akasema. "Mwanangu ataingia mlangoni amsikie Kinyozi."

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Huruma yangu mimi haiji bila hasira, ndivyo nilivyozaliwa. Nikamwambia, "Wewe! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inuka hapo juu ya beseni, nenda kamuulize yule binti zile alama ni nini. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa umenuna juu ya chombo changu cha kufulia."

Akaenda. Akakaa huko muda mrefu hata nikaanza kupiga pasi mashati yake mwenyewe kwa ukali. Aliporudi alikuwa anakimbia, mtu mzima na mvi zake, karatasi inapepea mkononi.

"Mke wangu! Ni kamba!"

"Kamba gani?"

"Za kuanikia! Mistari mitano, kamba tano! Nota zimeanikwa! Nyingine zimekaa juu ya kamba, nyingine zinaning'inia katikati ya kamba na kamba. Iliyo juu, sauti juu. Iliyo chini, sauti chini. Nyeupe unaivuta, nyeusi unaipitia haraka. Unaanzia kushoto unakwenda kulia. Basi! Maisha yangu yote nimekuwa naanika, kumbe nilikuwa naandika!"

"Na huu mdudu wa mwanzoni?" nikamwonyesha alama iliyofanana na sikio lenye hereni mbili.

"Huo ndio ufunguo wa besi. Hizo hereni mbili zinabana kamba ya pili kutoka juu, na hiyo ndiyo fa. Ukishaijua fa, wenzake unawahesabu kama ngazi, unapanda au unashuka."

Nilishangaa. Nilielewa, na mimi sikutaka kuelewa.

Asubuhi nilipotoka nikakuta uani kwangu hapatambuliki. Kamba zetu zote, ambazo zilikuwa zimelala sambamba kama inavyotakiwa kwa nyumba yenye heshima, zilikuwa zimeng'olewa. Katikati ya uwanja zilisimama nguzo mbili, na kati yake kamba tano, moja juu ya nyingine, kama ua la kuzuia ng'ombe. Upande mmoja lango la barabarani, upande wa pili dirisha la chumba chetu cha pasi. Dobi yuko upande wa lango, karatasi ameishika kwa meno, anaanika.

Wakati ule tulikuwa tunafua vitambaa vyeupe vya hoteli moja, vya kufutia mikono mezani, na soksi nyeusi za askari wa kampuni ya ulinzi. Unaona mwenyewe mambo yalivyojipanga. Kitambaa cheupe, nota ndefu. Soksi nyeusi, nota fupi. Ikiwa nota ya juu ya kamba, anaikunja ipande kamba yenyewe. Ikiwa ya katikati, anaibana ncha kwa kibanio ining'inie. Pa kunyamaza anaweka kibanio kitupu. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai, sijui nicheke au niite ndugu zake, ndipo nikaona mwanzo kabisa wa kamba, kushoto kwake, kimening'inia kitu ninachokifahamu.

"Dobi! Hiyo ni sidiria yangu!"

"Huo ndio ufunguo," akasema bila kugeuka. "Ilitakiwa kitu chenye mkunjo na mambo mawili. Tazama, inabana fa sawasawa."

"Itabana shingo yako! Barabarani, watu wanapita!"

Nikaivuta pale pale nikaingia nayo ndani. Nawaambia hili mapema kwa sababu baadaye wapo waliosema kwamba yote yaliyotokea yalitokana na mimi kuondoa ufunguo. Sikubali mpaka leo. Mwanamke ana haki ya nguo zake za ndani, muziki au siyo muziki.

Siku ile Dobi akaingia chumba cha pasi, akasimama mezani anaponyooshea nguo, mbele ya dirisha, akainua macho akautazama wimbo wake ulivyoanikwa pale nje. Akaanzia kushoto, kama alivyoagizwa. Akaimba.

Jamani. Pasi niliiacha juu ya shati la watu, la mwenye benki, nikaliunguza kola.

Ilikuwa ni sauti. Tena sauti nene, yenye joto, inayoona haya kidogo, kama mtu mkubwa anayepita mlango mfupi. Kumbe ndiyo iliyokuwa imekaa ndani ya Seremala miaka yote ile! Nikataka kulia, halafu nikaona shati linafuka moshi nikalia kwa sababu hiyo.

Wimbo wenyewe ndio uliokuwa na vituko. Unaanza chini, polepole, vitambaa vyeupe vitupu, mzito wa huzuni. Halafu soksi zinaanza moja moja, sauti inapanda, inapanda, inachangamka, na pale inapokolea, imeisha. Imekuacha juu hewani mguu mmoja.

"Mbona wimbo huu unaaga kabla haujapiga hodi?" nikamuuliza.

"Muziki wa siku hizi ndivyo ulivyo."

"Haya bwana," nikasema. Usilolijua ni kama usiku wa giza, nami nilikuwa na kola ya kubadilisha.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa kichekesho cha mtaa. Upepo ukivuma, soksi zinapanda kamba ya juu, na Dobi anapandisha sauti mpaka anakaukiwa. Mawingu yakitanda tunakimbia kuanua wimbo, mvua ikiisha tunauanika upya. Na wateja ndio usiseme. Siku moja akaja Kamanda, yule mkubwa wa askari wa ulinzi, kitambi mbele, fimbo kwapani.

"Dobi, soksi za vijana wangu zimekauka tangu juzi. Naziona kwa macho."

"Zimekauka, Kamanda, lakini bado sijazielewa."

"Huelewi soksi?"

"Ile pale, ya pili kutoka juu, inanisumbua. Zile nyingine chini ya hapo nimeshazizoea. Nipe mpaka kesho."

Kamanda akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usinitazame, Kamanda. Mimi nimeolewa tu."

Akaondoka akitikisa kichwa, lakini kumbe hakuondoka mikono mitupu. Askari gani asiyejua kuiba mbele ya macho? Dobi akarudi mezani, akashika pasi, akaanza kuimba, na pale kati akasimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba.

"Kuna nota imeibiwa!"

Mimi nilikuwa sioni tofauti yoyote, soksi ni soksi. Yeye tayari yuko barabarani anakimbia. Alimkuta Kamanda ameshaivaa, amesimama langoni pa benki anapigiwa saluti. Walichoambizana sijui, ila wapita njia wanasema walimwona askari mzima ameshikilia nguzo, mguu juu, huku dobi akimvua soksi na kumshukuru. Wimbo ukakamilika. Vijana wa Kamanda wakalinda mtaa wiki ile visigino vikiwa wazi, na yule mwenye hoteli akawa anawapa wateja wake magazeti ya kufutia mikono.

Nilicheka sana siku zile. Lakini usiniulize nilikuwa nawaza nini wakati nakunja nguo. Nilikuwa nawaza mlango wa ukumbi, na mwanangu akiwa amesimama pale, na mume wangu akipanga viti.

Jumamosi ikafika. Nikaketi kwenye benchi langu. Binti yetu alikuja pia, akasimama nyuma karibu na mlango, anatafuna ncha ya mtandio.

Kinyozi alianza. Aliikunjua karatasi kama shuka la kunyolea, akaimba. Mwenye haki mpe haki yake: aliimba vizuri, wimbo ulisikika, ingawa katikati aliteleza akafunika kwa kikohozi. Nami pale pale nikashtuka, kwa sababu wimbo alioimba sikuufahamu. Ulianza juu, kwa soksi soksi, ukashuka taratibu ukalala. Nikajiambia, Mungu wangu, mmoja kati ya hawa wawili amejifunza wimbo mwingine, na Mwalimu anamwitikia Kinyozi kwa kichwa.

"Asante baba. Anayefuata."

Dobi akasimama. Karatasi aliishusha bila kuitazama, maana wimbo alikuwa nao kichwani kama ulivyoanikwa. Akafumba macho kidogo, akafumbua, akaimba. Akaanza chini kwa vile vitambaa vyeupe vya huzuni, akapanda, akachangamka, akamalizia juu hewani mguu mmoja.

Kinyozi akapasuka kicheko. "Huo ni wimbo wa kufulia!"

Wengine wakamfuata kucheka. Nikageuka nikamwona mwanangu ameinamisha kichwa. Kinyozi yule, laiti ningekuwa na pasi mkononi.

"Nimekosea?" Dobi akauliza. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza kama maiti ameshazikwa.

Mwalimu alikuwa amekunja uso. "Baba, samahani, sijui umeimba nini. Unaweza kurudia?"

Akarudia. Ikatoka ile ile, bila kupungua wala kuongezeka. Mwalimu akaishika karatasi yake, kidole kikawa kinatangatanga. "Tafadhali, tena." Akarudia tena, jasho linamchuruzika. Safari hii nikakiona kidole cha Mwalimu kimekwenda mwisho kabisa wa mstari, kikatulia, halafu kikaanza kutembea kurudi nyuma. Hatua kwa hatua. Kila Dobi anapotoa sauti, kidole kinakanyaga nota.

"Makubwa!" Mwalimu akasema. Miwani ilikuwa imemshuka hadi ncha ya pua. "Baba, umeanzia mwisho ukamalizia mwanzo. Na hujakosa hata nota moja!"

Hapo nikaelewa. Nikasimama juu ya benchi, sijui nani alinituma. "Dirisha!" nikapiga kelele. "Anaanikia upande wa lango, anaimbia upande wa dirisha! Amekuwa akiutazama kwa mgongoni!"

Ilibidi niwaeleze yote, kamba, soksi, vitambaa, ila sidiria niliiruka. Watu walicheka hata wengine wakakaa chini. Kondakta mmoja wa basi, anayeimba sauti ya kwanza, alilazimika kutolewa nje apepewe. Kinyozi akangoja vicheko vipungue, akasema, "Haya, tumefurahi. Lakini kuimba kinyume ndiyo kusoma? Ameshindwa, tuendelee."

"Subiri kidogo, baba," Mwalimu akasema. Alikuwa hacheki tena. "Wimbo huu nimeutunga mwenyewe. Kwenda mbele nimeuimba chumbani kwangu mara nyingi, huenda mtu alipita dirishani akausikia." Akamtazama Kinyozi kidogo tu, na Kinyozi akaanza kutafuta kitu mfukoni. "Lakini kwa kurudi nyuma, haujawahi kuimbwa na mtu yeyote. Hata mimi sijawahi kuusikia. Sasa niambieni, Baba amemfuata nani?"

Kinyozi akazidi kupekua mfuko.

"Hakumfuata mtu," Mwalimu akasema. "Amesoma."

Dobi alichelewa kuelewa, kama alivyozoea kuchelewa. Ilipomfikia, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifuta macho kwa karatasi ya nota. Na mimi mnavyonijua, nililia kwa sauti ile ile ya kuitia watoto.

Hata hivyo harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata, na bibi harusi haingii ukumbini kinyumenyume. Tukaihamisha meza ya pasi tukaitoa nje upande wa lango. Wiki nzima nilipiga pasi barabarani, wapita njia wananisalimia kama muuza mchicha, na Dobi akawa anaimba anatazama kamba kutoka upande wa haki. Akaujua. Tabu ikawa sasa anazijua njia zote mbili, na zilikuwa zinakutana njiani. Anaanza vizuri kwa mbele, akifika katikati anageuka kurudi, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Usiku wa mwisho kabla ya harusi hakula.

"Nikigeuka katikati je?"

"Ukigeuka nami naingia nakuzaba kofi mbele ya wakwe," nikamwambia, nikamshonea kifungo.

Ukumbi ulijaa. Askari wa Kamanda walikuwa wamesimama mlangoni na soksi safi. Fundi baiskeli amesugua kucha mpaka zimekuwa za kijivu. Mwalimu akainua mkono, mlango ukafunguliwa, mwanangu akatokea kwenye mwanga. Nikamwona Dobi anageuza kichwa kutazama ubavuni, pale alipokuwa anasimama Seremala. Palikuwa na Kinyozi, ameshavuta pumzi, kifua kimejaa, anasubiri kuokoa jahazi.

Dobi akarudisha macho mbele. Akaimba.

Kwa mbele. Juu, kwa furaha, kama mtu anayepiga hodi kwa mikono miwili. Mwanangu alisimama kizingitini ghafla hata fundi baiskeli, aliyekuwa akiingia naye, akakanyaga gauni. Hakutembea. Alisimama tu anasikiliza, mkono kifuani, mpaka besi ilipoisha na kwaya nzima ikaingia, ndipo akakumbuka kwamba anaolewa. Kinyozi pumzi yake aliishusha taratibu, na nasikia tangu siku ile ananyoa bila kuhubiri.

Wakati wa kutoka, ilikuwa waimbe tena wimbo ule ule, Dobi akianza. Maharusi wakageukia mlango. Na hapo, mpaka leo anaapa kwamba alichanganyikiwa tu, njia zilikutana, na mimi simwamini hata kidogo. Akaanzia mwisho. Vile vitambaa vyeupe, chini, polepole. Kwaya ikashtuka, kila mtu akafunua kinywa hajui pa kuingilia. Mwalimu akawazuia kwa kiganja. Akamwacha.

Nami nikakumbuka nilivyosema kwamba wimbo ule unaaga kabla haujapiga hodi. Basi ulikuwa unaaga. Alimsindikiza mwanawe ukumbi mzima kwa sauti yake mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi mlangoni, na pale juu hewani akamwachia.

Mwanangu hakutoka. Aligeuka, akaachia mkono wa mumewe, akarudi mbio na gauni lake hadi kwa baba yake, vipodozi vyote vimekwenda na maji.

"Baba," akamuuliza, "leo ulikuwa ndani ya nani?"

Dobi akafungua kinywa. Besi imekwisha, ilitoka hewa tupu. Nikaona nimjibie.

"Leo alikuwa ndani ya suruali yake mwenyewe," nikasema, "na nimeipiga pasi mimi."